Fungu la Koroboi na Fungu la Bibi Arusi

Juzi mtoto wa kaka yangu alinijia hapa Msambweni na gari lake jipya. Haibridi, akaniambia, linakwenda kwa petroli na kwa umeme, vyote viwili. Akaketi barazani, akakataa hata mahamri, akatoa simu yake akaanza kunihesabia: petroli kiasi hiki kwa mwezi, betri ikichoka kiasi hiki, oili, bima, breki ambazo eti haziliki upesi. Halafu akahesabu gari la petroli tupu, lile alilotaka kulinunua mwanzo. Akalinganisha. Macho yanamng'aa. "Shangazi," akasema, "naapa hesabu kama hii hujawahi kuiona."

Nusura chai initoke puani. Hujawahi kuiona! Nikamwambia, mwanangu, hesabu hiyo sisi tuliifanya nyumba hii hii, mwishoni mwa miaka ya tisini, kabla mama yako hajakuzaa. Gari la mafuta mawili na gari la petroli tupu, lipi ghali kukaa nalo. Tena hatukutumia simu. Tulitumia nazi.

Akacheka, akidhani ni mzaha. Basi nikamsimulia, na sasa nimeona niandike kabisa, maana nilipokuwa nikisimulia moyo ulinienda mbio kama siku ile yenyewe.

Wakati huo baba alikuwa ameshafariki. Alituachia nyumba ya makuti, minazi, na gari dogo jeupe la petroli, ambalo kaka yangu alilifanya teksi ya kubeba wageni wa mahoteli ya Diani. Kaka alilipenda gari lile, subhanallah! Alilisugua asubuhi, akalisugua jioni. Viti alivitandika vitambaa vya lesi, na kwenye kioo cha mbele alitundika chupa ndogo ya manukato. Sisi nyumbani tuliliita Bibi Arusi. Mtu haingii na mchanga miguuni. Mama mwenyewe, mwenye boma, ilimbidi akung'ute leso yake kabla ya kukaa.

Gari la pili lilitoka kwa mjomba. Mjomba huyu, ndugu wa mama, alikuwa fundi wa mashine za boti kule Bodo. Mashine zile nyingi zilikuwa zikiwashwa kwa petroli, na zikishapata moto zinanyweshwa mafuta ya taa, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa rahisi mno kuliko petroli. Mjomba akakaa akafikiri: boti inaweza, gari lina nini? Akaikuta pikapu ya zamani Ramisi, imeozea nyuma ya nyumba ya mtu, kuku wanatagia ndani. Akaichukua kwa bei ya mayai, kama alivyokuwa akisema. Akaifufua injini, akaongeza tangi la pili nyuma ya kiti, na karibu na goti la dereva akafunga koki ya shaba. Ukiigeuza koki huku, petroli. Ukiigeuza huku, mafuta ya taa.

Masharti yake yalikuwa mawili. Washa kwa petroli, ngoja injini ipate moto, kisha geuza koki. Na kabla hujazima, rudisha petroli, ili injini ilale ikiwa imesukutua. Usiposukutua, asubuhi haiamki, utaisukuma mpaka jasho likuishe.

Kwetu sisi Wadigo mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Siku aliyoileta pikapu alishuka, akaitikia shikamoo zetu zote, akamwambia mama, "Dada, hili ni lako. Lakini dereva ni huyu." Akanionyesha mimi! Mimi, msichana wa miaka ishirini na miwili, niliyekuwa nashona makuti toka nilipomaliza shule, vidole vimechanikachanika. Kaka akadhani mjomba amekosea kidole. Mjomba hakukosea. Ni mimi niliyekuwa nikimshikia spana kila nilipokwenda Bodo, na ni yeye aliyenifundisha kuendesha kwenye kile kiwanja cha mchanga kando ya mikoko, huku akinitukana vizuri kwa mapenzi. Leseni nilikuwa nayo. Nilikuwa naificha ndani ya msahafu wa bibi ili isikunjike.

Mwanangu we, raha ile! Alfajiri nikishasali nilikuwa naenda Bodo kupakia samaki wa kupeleka Ukunda. Mchana napanda Kikoneni kuchukua machungwa na muhogo kwa watu wa bara waliopata mashamba kule. Kulikuwa na mama mmoja mkulima, alikuwa akinizunguka kila siku na kuniuliza, "Sasa wewe msichana, hii gari yako inakula nini, ni stovu?" Kwa kweli ilinuka kama stovu. Ilitoa moshi mweupe, na harufu ya mafuta ya taa ilikaa nguoni kwangu hata nikioga mara mbili. Ndipo watu wa njiani wakalibandika jina Koroboi, ile taa ndogo ya kopo na utambi. Nilikuwa nikipita nasikia, "Koroboi hilo lapita! Funikeni wali!" Nami sikunyamaza, sijui kunyamaza. Nilikuwa nawajibu, "Funikeni na midomo!"

Sasa zikaja mvua, zile zilizomaliza makuti ya kila mtu. Paa letu likawa chujio. Usiku mama alikuwa akisogeza kitanda kutoka kona hadi kona. Mvua zilipokatika akatuita, mimi na kaka na wifi yangu, mke wa kaka, akasema bila kuzunguka: "Nyumba hii haiwezi kulisha midomo miwili ya chuma na sisi tunalowa. Gari moja litauzwa, tuezeke mabati. Litabaki lile linalokula kidogo."

Bibi Arusi akiuzwa, kaka angepata gari la mtu mwingine aendeshe, hoteli zilijaa madereva wanaume. Mimi je? Nani mwaka ule angempa msichana wa Msambweni ufunguo wa gari lake? Koroboi likienda, mimi narudi kwenye makuti, tena wakati nyumba yetu yenyewe inaezekwa mabati! Nilijiona kabisa nimekaa chini na ukuti mkononi, na barabara inanipita. Nilitaka kulia, nikatukana badala yake.

"Gari lake linakunywa kama wageni wake," nikasema.

"Lako linakunywa sumu," kaka akajibu. "Litakufa mbele ya watu, uaibike."

"Hebu nyamazeni," mama akasema. "Mtanionyesha."

Mama hakuamini karatasi. Alikuwa akisema karatasi humtii aliyeshika kalamu. Akaweka kanuni yake: toka kuangua nazi kwa safari hii mpaka kuangua kwingine, yaani miezi mitatu, kila gari litakuwa na fungu lake la nazi uani. Kila kitu gari litakachokula, yeye atakigeuza kuwa nazi kwa bei ya siku hiyo. Nazi moja pale chini itasimama badala ya nazi mia za sokoni, maana vinginevyo boma lisingetosha. "Na habari za mapato sitaki kuzisikia," akaongeza. "Kupata, kila mtu atasema amepata. Mimi nataka kuona kinacholiwa."

Fungu la Bibi Arusi likawekwa mbele, chini ya upenu, mahali pa heshima. Fungu la Koroboi likawekwa nyuma karibu na jiko, kwa sababu huko ndiko nilikokuwa naegesha, mbali na pua za watu. Kumbuka hapo. Mimi sikukumbuka.

Ijumaa baada ya swala mama alikuwa akiketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, anatuita mmoja mmoja kama kadhi. Lita ya petroli ilikuwa sawa na nazi tisa. Lita ya mafuta ya taa, nazi tano. Ijumaa ya kwanza Bibi Arusi alikula nazi tisa za fungu. Koroboi, sita! Nilirusha leso juu, nikacheza pale pale uani, nikamzunguka kaka huku nikikata kiuno. Ijumaa ya pili, tisa kwa sita tena. Mama akashika chupa ya manukato iliyojazwa upya. "Na hii?"

"Hiyo ni manukato tu, mama," kaka akasema.

"Inakaa wapi?"

"Kwenye gari."

"Basi gari ndilo lililoila." Tuff! Nazi juu ya fungu la Bibi Arusi. Vitambaa vya lesi navyo vikahesabiwa. Bima na stika ziliachwa, kwa kuwa zilikuwa sawa kwa magari yote mawili. Mama yangu hakusoma hata darasa moja, lakini ungemwona siku zile ungesema amezaliwa gereji.

Ijumaa ya nne mambo yakageuka. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi kununua, sawa, lakini yalikuwa na madeni yake ya chini chini. Plagi zilikuwa zikiingia masizi, nabadilisha ovyo. Oili nayo ilichanganyika na mafuta ya taa mpaka ukiinusa unapaliwa, kwa hiyo mwenzangu akibadilisha oili mara moja, mimi nishabadilisha mara tatu. Tuff, tuff. Kisha njia ya Kikoneni, mawe matupu, ikanila matairi mawili kwa mkupuo. Nazi kumi na mbili siku moja! Kaka akaniimbia nyimbo za maombolezo. Nilimtupia kifuu.

Mimi nilikuwa na hesabu yangu ya siri. Ndani ya kifuniko cha kisanduku cha spana nilichora msitari wa makaa kwa kila nazi iliyotupwa kwenye fungu langu, ili nijue nasimama wapi bila kusubiri Ijumaa. Asubuhi moja, nikingoja injini ipate moto, nikalihesabu fungu kwa macho. Kifuniko kilisema arubaini na moja. Fungu lilikuwa na thelathini na nane. Nikahesabu tena kwa kidole. Thelathini na nane. Nazi tatu hazipo.

Sasa niseme kweli: nilifurahi. Moyo uliruka. Sikujua nani amezichukua, wala sikutaka kujua; nilitazama huku na huku, nikaingia garini, nikageuza koki, nikaondoka. Nilipofika Bodo nikaona haya. Niliporudi, haya imekwisha. Wiki baada ya wiki fungu likazidi kupungukiwa, nami nikazidi kuchora misitari yangu na kufunga mdomo wangu, jambo ambalo kwangu mimi ni ugonjwa.

Halafu ikaja siku ya mlima.

Mahindi na machungwa yalikuwa yamejaa Kikoneni, na yule mama wa bara alinibembeleza nimchukulie magunia yote kwa safari moja. Tamaa, nikakubali. Kwenye mlima wa njia ile, Koroboi likaanza kugonga tumboni, ko-ko-ko-ko, kama mtu anabisha hodi kwa hasira. Nikakanyaga. Likagonga zaidi. Kisha boneti ikapumua moshi, si ule mweupe wetu wa kila siku, ni mvuke wa maji ya rejeta, na gari likasimama hapo katikati ya njia, machungwa yanabingirika kurudi yalikotoka.

Mjomba alikuja kesho yake na kapu la vyuma. Akafungua, akatazama, akakuna kichwa. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kichwa cha injini, imeungua. Akaniuliza, "Mlimani ulirudisha petroli?"

"Hukuniambia nirudishe petroli mlimani! Uliniambia kuwasha na kuzima!"

Mjomba akaangalia ule mlima, juu mpaka chini, kama mtu anayekiona kitu hicho mara ya kwanza. "Lo!" akasema. "Mlima. Wallahi mlima sikuufikiria." Miaka thelathini amefunga mashine za boti, na baharini, mwanangu, hakuna mlima. Alikuwa amenifundisha gari kwa akili ya maji. Tulikaa chini kwenye vumbi, tukacheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikakumbuka fungu, nikaacha kucheka. Toka siku hiyo tukaongeza sharti la tatu: ukiuona mlima, geuza koki petroli kabla hujaufikia.

Mama alitupa nazi saba kwa gasketi ile. Nikapiga kelele kwamba mjomba amefanya kazi bure. "Mjomba wako hataishi milele," akasema, "na gari litaharibika tena. Fundi nimemhesabu."

Miezi mitatu ikatimia. Wakwezi wakaja kuangua, na habari zilikuwa zimeshaenea, kwa hiyo uani palijaa watu kuliko siku ya maulidi. Mjomba alikuja toka Bodo amevaa koti. Majirani wakaleta mikeka yao. Kaka alikuwa amelisugua Bibi Arusi mpaka unajiona meno, na mimi, kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimeliosha Koroboi. Usiku kucha sikuwa nimelala. Kifuniko changu kilikuwa kimefika mia na kumi na tisa.

Mkwezi mkubwa ndiye aliyehesabu, akihamisha nazi moja moja kwa sauti. Fungu la Bibi Arusi: mia na kumi na mbili. Watu wakaguna. Kaka akakunja mikono, ametulia, maana alijua habari za matairi na gasketi. Wakahamia nyuma, kwenye langu. Themanini. Tisini. Mia. Mikono yangu ilikuwa baridi kama barafu ya samaki. Mia na moja. Mia na mbili. Mia na tatu, na nne, na tano.

Hakuna nyingine. Mia na tano!

Vigelegele! Mjomba akanikumbatia, akanizungusha, koti lake likachanika kwapani. Majirani waliokuwa wakifunika wali ndio waliopiga makofi kuliko wote. "Koroboi! Koroboi!" Nami nikapiga kelele, nikarukaruka, nikaita jina la Mungu. Halafu nikamwona kaka.

Alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Kile kitambaa chake cha kusugulia alikuwa amekishika mkononi, anakikunja, anakikunjua, na alikuwa akilitazama lile gari la baba. Na mimi nilijua. Nilijua kwamba nimelishinda gari lile kwa nazi zilizopotea.

"Si kweli!" Mdomo wangu huu! Ulisema wenyewe. "Hesabu si kweli. Ngojeni."

Nikaenda garini, nikang'oa kifuniko cha kisanduku, nikakiweka miguuni mwa mama. Mama hakujua kusoma lakini misitari aliijua. Akaihesabu kwa kidole, pole pole, Mola wangu, pole pole mno. Mia na kumi na tisa. "Nazi kumi na nne zimepotea," nikasema, machozi yananitoka. "Nilijua siku nyingi. Nikanyamaza kwa sababu zilikuwa zinanifaa mimi. Bibi Arusi ndiye aliyekula kidogo. Ameshinda kwa saba."

Kwisha. Nilikuwa nimejimaliza mwenyewe mbele ya kijiji kizima. Niliyaona yale makuti, mafungu kwa mafungu, yananingoja.

Mama akainua macho. "Na kumi na nne zimekwenda wapi?" Akamtazama mkwezi, akamtazama mjomba, akanitazama mimi.

"Mbona zimeliwa," sauti ikatoka jikoni.

Wifi yangu akatoka, upawa mkononi, uso umejaa mshangao wa mtu anayeulizwa mbona kumekucha. Wifi alikuwa mpole, mtu wa maneno machache. Miezi mitatu sikumsikia akisema lolote juu ya magari. "Nimezichukua mimi," akasema. "Kila siku wifi alipoleta samaki, nilichukua nazi moja kwenye fungu lake, lilikuwa hapo hapo mlangoni. Samaki wake, nazi yake. Nyinyi nyote mlikula."

Hebu fikiria! Tuliweka hesabu yetu ya nazi karibu na jiko la mtu anayepika wali wa nazi kila siku ya Mungu, tukategemea iwe salama. Watu walianza kucheka chini chini. Kaka akaruka kutoka kizingitini.

"Nazi moja pale ni mia!" akafoka. "Umepika nazi elfu moja na mia nne!"

"Sikupika mia. Nilipika moja, ukaomba mchuzi uongezwe," wifi akajibu. "Na samaki? Samaki wa kulisha nyumba nzima mara kumi na nne, na machungwa, na muhogo, wewe ungevinunua kwa nazi ngapi?"

"Lakini kwa nini la kwake tu? Fungu langu mbona hukuligusa hata siku moja?"

Wifi akamtazama mumewe. Hakuwa na hasira, ndiyo maana iliuma. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Wewe uliwahi kuleta nini cha kutiwa nazi?"

Hata wakwezi walitazama chini. Kaka akafungua mdomo. "Nilileta pesa," akasema.

"Ulileta," wifi akasema pole pole. "Asubuhi ulikuwa ukiziomba tena, za petroli."

Nilitamani ardhi inimeze badala yake. Kweli nilitaka kushinda, lakini si hivyo. Kaka akaenda mbele, kwenye fungu lake, watu wote wakimtazama. Akaokota nazi iliyokuwa chini kabisa. Ilikuwa imeota, kichipukizi cha kijani kimetokeza juu. Miezi mitatu imekaa pale bila kuguswa na mtu. Akaigeuza geuza, akairudisha taratibu.

Mama akajifuta uso kwa pembe ya leso. "Kosa ni langu," akasema. "Nilihesabu magari yanakula nini. Sikuhesabu sisi tunakula nini kwa magari." Akavuta pumzi, kwa sababu lile gari jeupe lilikuwa la mumewe, na sisi tuliliona hilo usoni mwake. "Bibi Arusi auzwe. Paa liezekwe."

Sikuruka tena. Nilisimama tu, najipangusa kamasi kwa mkono wa mafuta. Nikamwona kaka anafungua mlango wa Bibi Arusi, anainama ndani, anatoka na ile chupa ya manukato. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye Koroboi, akaitundika kwenye kioo. "Usifike Ukunda unanuka hivi," akasema bila kunitazama. "Watu wanajua wewe ni ndugu yangu."

"Manukato hayo mama atayahesabu," nikamwambia. Akacheka kidogo, na mimi nikalia sawasawa.

Kesho yake alipanda na mimi. Hakuna aliyemwambia. Nilipotoka nje, watu wa msikitini hawajatawanyika, nilimkuta ameshakaa garini, amekunja suruali, kapu tupu la samaki miguuni. Tulikwenda Bodo, tukaenda Ukunda, mchana tukashika njia ya Kikoneni na mzigo wa kuwapelekea watu wa bara, mimi naendesha, yeye anapakia na kushusha. Mlima ulipojitokeza mbele yetu, nilikuwa bado nashindana na gia. Kaka akanyoosha mkono mbele ya goti langu, akageuza koki petroli.